Funguo za Watu

Wa Bi Nyasiri una uzi mwekundu.
Wa Lali Famau hauna alama, umeliwa na kutu,
nautambua kwa jino lililokatika.
Wa mwalimu Shekue ni mzito kama kisingizio.
Kumi na moja, ndani ya kopo la maziwa ya unga,
na kila mmoja nikiushika gizani najua mlango wake.

Sikuiomba kazi hii. Wala si kazi.
Nilikuwa nimetoka eda,
miezi minne na siku kumi,
sufuria kubwa nimeifudikiza juu ya kabati
kwa kukosa wa kumpikia,
Somoe akapita dakani, begi mkononi:
"Naenda Mombasa kumuuguza dada. Niangalizie paka."
Paka akazaa. Somoe akarudi na halua,
ufunguo akakataa kuupokea.
"Ukae kwako. Nikipoteza wangu nijue pa kubisha."
Ikawa kama mvi: ya kwanza waidhania uzi,
kisha siku moja watu wanakuita bibi.

Huku Mkomani nyumba za mawe hazipendi kufungiwa.
Ziache wiki tatu, zitatoka jasho,
chokaa itabambuka, zidaka zitaota ukungu,
harufu ya ndani iwe ya mtu aliyenuna.
Basi Jumanne na Jumamosi nazifungulia madirisha.
Kwa Lali naumwagilia mrehani kikombe kimoja
(aliniandikia kwenye karatasi,
na chini ya "kimoja" akapiga mistari miwili).
Kwa Shekue naitia saa ufunguo.
Hilo hakuniomba. Lakini saa ikisimama
nyumba nzima yafanana na picha ya marehemu.

Twalib, mwanangu, akapiga simu kutoka Malindi:
"Mama, njoo upumzike. Umefanya kazi ya kutosha."
"Kazi gani?" nikamuuliza.
Akakosa jibu.
Nami, nilipokata simu, nikakosa.

Nikaenda.
Ghorofa ya tatu, Barani, vigae vinang'aa,
mkwe wangu akanipokonya mwiko kwa heshima zote:
"Keti, mama."
Nikaketi.
Siku ya pili nikaketi tena, upande wa feni.
Siku ya nne nikakunja taulo zilizokwisha kukunjwa.
Hakuna aliyenikosea. Hilo ndilo lililonichosha,
kukosa hata wa kumlaumu.

Chini ya mkoba wangu, mle koponi, funguo za watu.
Nilisahau kuzirudisha,
au mkono ulisahau kwa niaba yangu.
Nikawa nazitikisa usiku, polepole,
mjukuu akadhani nimemletea peremende.

Siku ya sita akapiga Fumo wa Bi Nyasiri,
ana miaka minane, simu kaazima dukani:
"Bibi, nimetoka madrasa, mama hayupo, nimebisha kwako."
"Niko Malindi, mwanangu."
Kimya. Nikasikia punda akipita upande wake,
na mtu akidai chenji.
"Sasa mimi nikae wapi?"

Alikula kwa Somoe, akalala, hakupatwa na neno.
Mimi ndiye sikulala.
Lile swali lake lilikuwa limenikaa mwezi mzima
nami sikuwa na ujasiri wa kulitamka
kwa sauti ya mtoto.

Nimerudi. Twalib alikasirika kidogo, kisha akanibebea begi.
Nyumba ya Shekue ilikuwa imenuna kwelikweli,
saa imekwama saa tisa na robo.
Sikusema kitu. Nilifungua madirisha.

Ufunguo wa kumi na mbili ni wangu mwenyewe;
nikamvika Fumo shingoni kwa kamba ya kiatu.
Akaupoteza siku ya pili.
Fundi amenichongea mwingine, mia na hamsini,
na kamba hii tumeifunga mafundo matatu.

Kesho Jumanne.
Kwa Lali, kikombe kimoja.